Ukuta wa Kuni wa Perere

Jamani, msogee!

— Tumesogea!

Masikio mnayo?

— Tunayo!

Midomo imefungwa?

— Imefungwa!

Waongo nyie. Mmenijibu kwa pua? Fungeni sasa kweli, maana ngano ya leo haina kicheko kingi. Anayetaka kicheko aende kwa shangazi yake.

Hapo kale, kale mno, wanyama walikuwa wakiwasha moto majumbani mwao kama sisi. Huko juu milimani, kwenye msitu wa baridi, kulikuwa na kijiji, na kijijini alikaa Perere. Perere mnamjua? Ni mnyama mdogo wa mitini, manyoya tele, mkia hana. Ukimwona utadhani sungura aliyekatwa masikio. Basi huyo.

Huyo Perere alikuwa mpasuaji wa kuni, na kwa kupasua kuni hakuwa na mpinzani. Gogo lenye mafundo, gogo lililowashinda nyati na ngiri, yeye alilizunguka mara moja, akalitazama, akalichapa shoka, pwaa! vipande viwili. Alipokuwa akipasua aliimba, na wenzake wakamwitikia:

Mti mgumu, nani kauweza?

— Perere!

Fundo la jiwe, nani kalifungua?

— Perere!

Na ngozi ni hii hii, mwili ni huu huu!

— Perere, Perere!

Alipenda sana kuitikiwa. Chakula alipewa, togwa alipewa, lakini kilichomtoa nyumbani asubuhi kilikuwa kule kuitikiwa.

Mke wake aliitwa Sekela. Mimba mbili za Sekela zilikuwa zimeharibika, na sasa alikuwa na ya tatu, nayo ilikuwa imeshika vizuri. Sekela alitembea polepole, akalala mapema, akaacha kubeba maji kichwani. Alikuwa akimtaka mtoto huyo kuliko kitu chochote duniani, na Perere vilevile. Msije mkasema Perere hakumtaka mtoto. Alimtaka.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Mke akishika mimba, mume humkatia kuni za uzazi. Hazikatwi na mtu mwingine, wala haziguswi kwa kupikia. Hukatwa mwanzo wa kiangazi. Hupasuliwa zingali mbichi, maana mti ukikauka mzima hukaza ukawa kama chuma. Halafu hupangwa upenuni, juu ya mawe ili unyevu wa ardhi usipande, maganda juu, na nafasi ya kupitisha mkono kati ya kuni na kuni ili upepo uingie. Hapo huachwa kiangazi chote. Wao waliita ukuta wa kuni. Ukungu ukishuka na mvua yake, mzazi na mtoto hufungiwa ndani siku arobaini, na kinachowaweka hai ni ule ukuta.

Kiangazi kilipoanza Sekela alisema, "Mume wangu, wenzako wameanza kukata."

Perere akasema, "Kesho. Leo nimeahidi kwa Nyati."

Kiangazi kilipofika katikati Sekela alisema, "Mume wangu, kuta za wenzako zimefika madirishani."

Perere akasema, "Kesho kutwa. Mimi na kupasua ni kazi ya siku mbili, una wasiwasi gani?"

Kiangazi kilipokaribia kwisha Sekela alisema, "Mume wangu, mawingu yale unayaona?"

Perere akayatazama. Alikuwa ametoka kupasua kwa Tohe, koo limekauka kwa kuimba, na kwake upenu ulikuwa mtupu, kuku wanaoga vumbi.

Kesho yake alishuka mtoni mbio na shoka. Hakuchagua mti. Aliangusha mkuyu uliosimama na miguu ndani ya maji, kwa sababu mkuyu ni laini na unakatika upesi. Akapasua siku mbili, kweli siku mbili, kama alivyosema. Kila aliposhusha shoka maji yalimrukia usoni. Akapanga ukuta mrefu kuliko kuta zote za kijiji, kutoka mlangoni mpaka kona ya nyumba. Ukiutazama kwa mbali ulikuwa mzuri. Ukiugusa ulikuwa kama samaki.

Hapo mvua ya kwanza ikaanguka.

Desturi haikuishia hapo. Mvua ya kwanza ikianguka, wazee watatu walikuwa wakipita kila nyumba yenye mwanamke mjamzito wakikagua. Kazi yao ni kugonga. Unachukua kuni mbili unazigonganisha. Zikilia ko! ko! zimekauka. Zikilia bwi, bwi, ni mbichi. Ukuta ukiwa mbichi wazee husema neno moja tu: "Bado." Basi kila nyumba huleta tita moja la kuni kavu, na mambo yameisha. Hakuna aliyewahi kuchekwa. Mwaka uliotangulia, Mhanga, naye ni mmoja wa hao wazee, aliambiwa bado kwake mwenyewe, akapokea matita, akashukuru, akaendelea na maisha yake.

Lakini Perere alijiuliza: mimi? Mpasuaji? Kijiji kizima kinaniitikia, halafu niambiwe bado? Aibu ikamshika, na hakuna aliyekuwa amemwambia neno.

Akaingia ndani. Juu ya meko, kwenye dari, kulikuwa na kuni za mwaka jana zilizobaki, kavu, nyeusi kwa moshi, kiasi cha siku tatu. Akazishusha zote. Akazikwangua masizi kwa kisu, akazipanga mbele ya ukuta, zikaufunika kama shuka linavyofunika kitanda kibovu.

Sekela akauliza, "Zile za darini ziko wapi?"

"Nimezichanganya na nyingine. Kuni zote ziwe mahali pamoja."

Sekela akaridhika. Hakuwa na sababu ya kutoridhika.

Wazee wakaja. Wa kwanza Bibi Kobe, mkunga, aliyezalisha nusu ya msitu ule. Akachukua kuni mbili za mbele, akagonga. Ko! ko! Akatikisa kichwa kwa furaha.

Wa pili Mzee Mhanga. Akachukua mbili za mbele, akagonga. Ko! ko! Akasema, "Huyu bwana huyu!"

Wa tatu Bi Nungunungu. Huyo alikuwa mtundu. Akapitisha mkono ndani ya ukuta akashika ukuni wa nyuma, akaanza kuuvuta. Perere akamkimbilia.

"Bi mkubwa!" akasema, "togwa inachacha ndani, na mimi nimewachujia ninyi. Mtanitia aibu mkiiacha."

Bi Nungunungu akaacha ukuni, akafuta mkono kwenye kanga. Mkono ulikuwa na majimaji, akadhani ni mvua. Wakaingia, wakanywa, wakasifu. Walipotoka, Bibi Kobe akafunga fundo la nyasi kwenye ukuta, alama kwamba nyumba ile imekamilika.

Matita ya kijiji mwaka ule yakaenda kwa Ngiri, ambaye ukuta wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Ngiri aliambiwa bado. Akacheka mwenyewe, akasema, "Mchwa wameniweza, jamani, nileteeni," na kuni zikaletwa hadi akakosa pa kuziweka.

Perere naye aliitikiwa kijiji kizima. Ukuta mrefu, nani kaupanga? Perere! Usiku huo alilala vizuri. Nawaambia kweli, alilala vizuri.

Ukungu ukashuka. Ukashuka ukakaa, mtu asione mlango wa jirani. Na ukungu ukiwa bado mchanga, Sekela akazaa. Mtoto wa kiume, mdogo, mzima, ana sauti. Bibi Kobe alikaa naye siku tatu kama desturi inavyotaka. Siku tatu hizo moto uliwaka wima, hauna moshi, nyumba ina joto hadi kuta zinatoa jasho. Perere alikuwa akitoa kuni za mbele.

Siku ya tatu jioni kitovu kilianguka. Bibi Kobe akamwambia Sekela, "Mwanangu, nakuacha na moto mzuri. Sasa mlango unafungwa. Hatuingii tena mpaka arobaini, na wewe hutoki. Mumeo ndiye miguu yako. Ukihitaji kitu, yeye aje aseme."

Akaenda zake.

Siku ya nne Perere alitoka upenuni kuchukua kuni. Za mbele zilikuwa zimekwisha.

Akachukua za mkuyu. Akaziweka kwenye mafiga. Zikalia ssss, zikatoa povu kwenye ncha, zikatoa moshi mzito mweupe uliojaa nyumba kutoka juu mpaka chini. Mtoto akakohoa. Sekela akamfunika uso. Perere akapuliza, akapuliza, machozi yakamtoka, moto ukawa doa moja jekundu chini ya moshi.

Sekela akauliza, "Kuni zimefanya nini?"

Perere hakuweza kunyamaza tena. "Ni mbichi," akasema. "Ukuta wote ni mbichi. Zilizokuwa kavu ni zile za darini tu."

Sekela akamvuta mtoto kifuani. Hakugombana naye, hakuwa na nguvu ya kugombana. Akasema, "Haya. Nenda kawaambie wazee. Waambie hatuna kuni."

Asubuhi ya siku ya tano Perere akaenda kwa Bibi Kobe. Njiani alisema mwenyewe, hatuna kuni, hatuna kuni, kama mtu aliyetumwa dukani. Akabisha hodi. Kwa Bibi Kobe moto ulikuwa unawaka, na juu ya mkeka wamekaa Nyati na Tohe. Walipomwona wakapiga kelele, "Perere! Mwenye ukuta!"

Bibi Kobe akauliza, "Mzazi hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Moto?"

"Unawaka, Bibi."

"Umefuata nini, mjukuu wangu?"

Maneno yalimfika kooni. Ni mawili tu, watoto, hata nyie mnaweza kuyasema. Akayameza. "Nimekuja kusalimia," akasema. Akasalimia, akaota moto kidogo, akarudi.

Sekela akauliza, "Wamesemaje?"

Perere akasema, "Wanaleta."

Sekela akakaa karibu na mlango akisikiliza miguu ya watu.

Siku ya sita hakuna aliyeleta. Mtoto alikuwa halii tena kwa nguvu, alikuwa anakwaruza tu. Perere akaenda kwa Mzee Mhanga. Mzee akauliza, "Umefuata nini, bwana?"

Perere akasema, "Moto umetuzimikia, Mzee. Naomba kaa."

"Kaa tu?"

"Kaa tu."

Mhanga akampa kaa zuri, kubwa, kwenye kigae. Perere akalibeba mbio kwenye ukungu akilikinga kwa kifua mpaka manyoya yakaungua. Akaliweka kwenye kuni za mkuyu. Likalia ssss, likafa.

"Wamesemaje?"

"Wanaleta. Wanasubiri ukungu upungue."

Siku ya saba Perere akavunja kitanda, wakaota kitanda. Akavunja kinu, wakaota kinu. Akatazama mpini wa shoka lake kwa muda, akauacha. Kisha akaenda kwa Bi Nungunungu, macho mekundu, yamevimba kwa moshi.

Bi Nungunungu akamkazia macho. "Perere, una nini?"

"Macho, Bi mkubwa. Naomba dawa ya macho."

"Macho yamefanywa nini?"

"Vumbi la kuni. Nimepasua sana."

"Hakuna kingine? Sema, Perere. Mimi nakusikiliza."

Aliuliza vizuri, kwa upole, na mlango alikuwa ameshaufunga watu wa nje wasisikie. Ilikuwa ni kusema tu. Perere akatazama chini. Akamwona Bi Nungunungu akikumbuka ule ukuni wa nyuma, akamwona akikumbuka ile togwa. Huenda mama wa watu hakukumbuka kitu. Yeye ndivyo alivyoona.

"Hakuna kingine," akasema.

Akapewa dawa ya macho.

Aliporudi, Sekela hakuuliza wamesemaje. Alikuwa amemweka mtoto ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, na juu yake amejifunika kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Perere akakaa ng'ambo ya meko akipuliza moshi.

Siku ya nane, kumepambazuka, Sekela akasimama. Akaufungua mlango. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, hajapata kutoka hata mmoja, ni mwiko mkubwa. Akatoka. Perere akamkimbilia, "Unakwenda wapi? Watu watasemaje?" Sekela akampita. Akatembea kwenye ukungu, miguu mitupu, mpaka kwa Bibi Kobe.

Akasukuma mlango. Wazee wote watatu walikuwa pale wakinywa uji wa asubuhi. Walipomwona wakasimama wote kwa mshtuko.

Sekela akasema, "Mbona hamkuleta?"

Bibi Kobe akasema, "Kuleta nini, mwanangu?"

Sekela akageuka akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Kisha akawageukia wazee, akasema, "Hatuna kuni."

Basi. Hayo tu. Wala hawakungoja aseme mara ya pili. Mzee Mhanga alitoka mbio, mzee mzima, bila fimbo. Bi Nungunungu akasimama barabarani akapiga yowe. Ngiri akaja na matita mawili begani, akayabwaga, akarudi kuchukua mengine. Nyati akaleta, Tohe akaleta. Kuni kavu, za mwaka mzima, zinalia mlangoni zikitupwa. Uji ulikuwa bado wa moto kwenye bakuli, na pale mlangoni pa Bibi Kobe kulikuwa na kuni za kumaliza ukungu wote na kubaki.

Bibi Kobe akamvuta Sekela mpaka mekoni. "Mlete," akasema, "mlete nimwone." Akafungua nguo, moja, nyingine, nyingine. Akaweka mkono. Akauacha pale muda mrefu, kisha akaufunika uso wa mtoto taratibu.

Alikuwa amekufa alfajiri, kabla mama yake hajafungua mlango. Na Sekela alijua. Alikuwa anajua njia nzima.

Wakamzika siku hiyo hiyo. Jina hakuwa nalo, maana jina hutolewa siku ya arobaini. Wakakaa matanga siku saba, na siku saba hizo moto haukupungua. Waliota mpaka wakasogea nyuma kwa joto. Kuni zilikuwepo nyingi.

Perere alikaa pembeni. Hakuna aliyemtukana. Siku ya saba Bibi Kobe alimfuata, akakaa karibu naye, akasema, "Mjukuu wangu, ulikuja kwangu. Ulikaa pale. Nilikuuliza."

Perere akasema, "Uliniuliza, Bibi."

"Kwa nini?"

Perere akachukua ukuni mkavu, akausukuma motoni.

Sekela akarudi kwao. Aliondoka na nguo aliyoivaa, hakumuaga. Perere alimfuata mpaka mwisho wa kijiji akimwita, naye hakugeuka hata mara moja.

Basi Perere akalitupa shoka mtoni. Akaacha nyumba, akapanda mtini, akaingia kwenye tundu la mti na kukaa humo peke yake. Ukoo wake wote haujawasha moto tangu siku ile. Na ukienda milimani, giza likishaingia, utamsikia. Huanza chini kama mlango mbovu unaofunguliwa, halafu hupanda, hupanda, mpaka nywele zikusimame. Wageni husema ni mzimu. Mzimu gani? Ni Perere. Anapiga kelele msitu mzima usikie: Hatuna kuni! Hatuna kuni! Sasa anasema. Sasa anasema kila siku.

Haya, nanyi mnaonitolea macho, sikilizeni. Kuni mbichi kila mtu amewahi kuwa nazo. Mhanga alikuwa nazo, Ngiri ukuta wake uliliwa na mchwa, na watoto wao wako hai. Ukipungukiwa, sema. Sema mapema, na kitu ukitaje kwa jina lake, maana jirani hukupa ulichoomba: ukiomba kaa utapewa kaa, ukiomba dawa ya macho utapewa dawa ya macho. Na usikubali kusifiwa kwa ukuta ambao ndani yake unajua kuna maji. Sifa ile ndiyo iliyomfungia Perere milango yote ya kijiji, na aliyelipa hakuwa yeye.

Ngano nimeitua hapa. Aliyeibeba aende nayo kwao.

— Tumeibeba!

Aliyesinzia asiniulize mimi.

— Hatujasinzia!

Basi amkeni mkalale.